Njoo na Mfuko Wako

Asanteni. Nimepewa nusu saa nieleze mgonjwa wa saratani ajiandae vipi kuingia kwenye utafiti wa dawa, na walionialika wanajua fika kwamba sehemu kubwa nitaimalizia kwenye mitishamba. Basi tusijifanye.

Siku mtakayoitwa kupimwa kama mnafaa, chukueni mfuko, mtie kila kinachopita mdomoni: vidonge vya presha, ARV, unga wa mlonge, mwarobaini, habasoda, na ile chupa ya maji ya kahawia aliyoleta shemeji kutoka Tanga. Mwageni mezani. Msiseme "situmii kitu, daktari" huku shubiri inanukia kwenye mtandio.

Kwa nini nang'ang'ania? Dawa nyingi za saratani husafishwa na ini. Mitishamba mingine hulikimbiza ini, dawa ikaisha nguvu mapema. Mingine hulichelewesha, dawa ikajaa damuni ikawa sumu. Tena kwenye utafiti unapimwa ini mara kwa mara. Majibu yakiharibika, na watafiti hawana habari na chupa ya shemeji, lawama inaangukia dawa ya utafiti. Watakupunguzia dozi au watakutoa kabisa, na kwenye daftari wataandika kwamba dawa hiyo huenda inadhuru ini. Umejiumiza mwenyewe, na umeisingizia dawa isiyo na mdomo wa kujitetea.

Mama pale nyuma anatikisa kichwa: "Nikisema nitafokewa." Fokewa! Kufokewa hakuui.

Halafu lile la "tunafanywa panya." Jamani! Mwaka 2011 tulipanga foleni ya magari hadi Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa ya Babu shilingi 500, na sikumsikia mtu akiuliza kimepimwa wapi. Leo utafiti umepita kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, umepita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, una fomu ya ridhaa ya Kiswahili, nawe mgonjwa una haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Hapo ndipo tunakuwa wakali! Ulizeni, tena sana. Ila ukali huo ungetufaa na Samunge.

Naonyeshwa saa. Haraka basi. Ombeni nakala ya majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kilichokatwa mwilini kupimwa saratani. Mara nyingi watataka na kinyama chenyewe kilichohifadhiwa maabara, kwa hiyo fuatilieni mapema. Fomu ya ridhaa nendeni nayo nyumbani, mtu mwingine aisome, msiisaini siku hiyo hiyo. Ulizeni nani analipa nauli na vipimo vya ziada, na ukizidiwa usiku unampigia nani. Uzazi wa mpango unawahusu akina baba pia, msicheke.

Dawa bandia, ile isiyo na dawa ndani? Kwenye saratani ni nadra mtu kupewa kidonge kitupu akaachwa bila tiba iliyopo. Na utafiti ukiwa wa kulinganisha makundi, mara nyingi kundi lako huchaguliwa kwa bahati nasibu, hata umjue daktari vipi.

Awamu za utafiti nilikuwa na maelezo marefu, yamekufa. Angalau uliza uko ya ngapi: ya kwanza hutafuta dozi salama, usiingie ukidhani umeahidiwa kupona. Haya, maswali.