Umeme wa Jirani: Tukilinganisha Bei, Tunalinganisha Nini?

Mabibi na mabwana,

Mada niliyopewa leo inaanzia kwenye mpaka usioonekana kwa macho. Nchini Marekani kuna mashirika ya umeme karibu 3,000: mengine ni kampuni za wenye hisa, mengine ni mali ya miji au wilaya, na mengine ni vyama vya ushirika vilivyozaliwa vijijini. Kila moja lina eneo lake, na mpaka wa eneo unapopita katikati ya barabara, nyumba mbili zinazotazamana, zilizojengwa na fundi mmoja kwa ramani moja, hulipia umeme kwa viwango viwili tofauti. Anayehisi kuumia huuliza kwa nini mwenzake analipa kidogo. Mimi ningependa tutangulize swali jingine: je, ni kweli analipa kidogo?

Watu wakilinganisha umeme hutaja bei ya uniti, yaani kilowati-saa moja, na kuishia hapo. Bili yenyewe ina zaidi ya hayo. Ina ada ya kila mwezi ambayo utailipa hata ukizima kila kitu ukasafiri. Ina uniti ulizotumia. Ina marekebisho yanayopanda na kushuka kufuata gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme. Halafu ina kodi na tozo. Ada ile ya mwezi inalalamikiwa sana, lakini ina hoja yake ya zamani. Mhandisi Mwingereza John Hopkinson alieleza mwaka 1892 kwamba mwuzaji wa umeme hagharimiki kwa kuzalisha tu, bali pia kwa kukaa tayari kumhudumia mteja saa yoyote atakayobonyeza swichi, na kwamba gharama hiyo ya kukaa tayari ipo hata swichi isipobonyezwa.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme shirika la kwanza linatoza ada ya dola 10 kwa mwezi na senti 16 kwa uniti, na jirani yake anatoza ada ya dola 25 na senti 13 kwa uniti. Ukiangalia uniti peke yake, la pili ndilo rahisi. Mjane anayeishi peke yake na kutumia uniti 300 atalipa dola 58 kwa shirika la kwanza na dola 64 kwa la pili. Familia inayotumia uniti 1,000 italipa dola 170 kwa la kwanza na 155 kwa la pili. Kwenye uniti 500 yanalingana kabisa, dola 90 kwa 90. Kwa hiyo swali la nani rahisi halina jibu moja mpaka useme ni nyumba ya nani, na ndiyo sababu ninasisitiza kwamba kitu cha kulinganisha ni bili nzima ya nyumba moja, wala si bei ya uniti.

Mtego wa pili uko kwenye wastani. Ofisi ya serikali kuu inayokusanya takwimu za nishati, EIA, hutoa bei ya wastani kwa kila shirika kwa kuchukua mapato yote yaliyotoka kwa wateja wa majumbani na kuyagawa kwa uniti zilizouzwa. Ni takwimu nzuri kwa kazi yake. Lakini rudini kwa yule jirani wetu wa ada ya dola 25: wateja wake wakiwa wa pwani yenye baridi ya wastani, wanaotumia uniti 300, bei ya wastani itasomeka senti 21.3, wakiwa wa bara yenye joto kali, wanaowasha viyoyozi hadi kufikia uniti 1,000, itasomeka senti 15.5. Viwango ni vilevile, hakuna aliyepandisha wala kushusha chochote; hali ya hewa ndiyo iliyobadili jedwali.

Mahali mtego huu ulipogeuzwa kuwa biashara ni Texas. Sehemu kubwa ya jimbo hilo ilifunguliwa kwa ushindani mwaka 2002, mteja akawa anachagua mwuzaji, na kila mwuzaji analazimika kuonyesha bei ya wastani kwa matumizi ya uniti 500, 1,000 na 2,000. Wauzaji wakaona upenyo. Mpango mmoja, kwa mfano, unaweza kutoza senti 15 kwa uniti na kumrudishia mteja dola 50 pale tu anapofikisha uniti 1,000. Safu ya katikati ya jedwali itasomeka senti 10 na kuvutia kila mpitaji. Aliyeishia uniti 990 atalipa dola 148.50, aliyefika 1,000 atalipa dola 100. Yaani mwenye nyumba aliyebana matumizi wiki ya mwisho, akazima na taa ya varandani, ameadhibiwa kwa bidii yake.

Sasa tuseme tumelinganisha sawasawa na tofauti bado ipo. Inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye historia kuliko kwenye uhodari wa wasimamizi wa leo. Wilaya ya Chelan, jimboni Washington, inamiliki mabwawa kwenye mto Columbia, likiwemo Rocky Reach lililoanza kuzalisha mwaka 1961; inauza nje umeme wa ziada, na wakazi wake wanalipa viwango vya chini sana. Majirani wasio na mto hawawezi kuiga hilo kwa kuongeza juhudi. Huko California, wapiga kura wa Sacramento waliunda shirika lao, SMUD, mwaka 1923, lakini ubishi na kampuni iliyokuwepo, PG&E, uliwachelewesha kuanza kuuza umeme hadi mwisho wa mwaka 1946. Leo viwango vya SMUD viko chini sana kuliko vya PG&E, na umiliki wa umma umechangia, kwa kuwa hakuna gawio la wenye hisa wala kodi ya mapato ya serikali kuu. Hata hivyo SMUD inahudumia mji na viunga vyake, ilhali PG&E ina nyaya zinazopita milima na misitu mikavu, na madeni ya moto wa nyika yaliifikisha kwenye ufilisi Januari 2019. Anayetaja sababu moja tu kati ya hizo anapigia kampeni upande wake.

Ubishi huu una umri. Franklin Roosevelt, akihutubia Portland mwaka 1932, alisema umeme wa serikali uwe kijiti cha kupimia bei za kampuni binafsi. Mwaka uliofuata likaundwa TVA, shirika la bonde la Tennessee, na mwaka 1934 mji wa Tupelo, Mississippi, ukawa wa kwanza kununua umeme wake. Kampuni, zikiongozwa na Wendell Willkie, zilijibu kwamba kijiti hicho kimekatwa kifupi, kwa sababu TVA lilipata mtaji wa serikali na halikubeba kodi kama zao. Nadhani walikuwa na haki kuhusu kijiti, ingawa haifuati kwamba bei zao zilikuwa za haki. Katika miaka ile nyumba tisa kati ya kumi za mashambani hazikuwa na umeme kabisa, kwa kuwa kampuni hazikuona faida ya kusimamisha nguzo kwa ajili ya wateja wachache. Vyama vya ushirika vilivyofuata vilibeba gharama ya nguzo hizo, na hadi leo vinaigawa kwa wanachama wachache kwa kila maili.

Kwa anayetaka kulijaribu nyumbani, chukua bili za miezi 12, usichukue mwezi mmoja, kwa sababu wengi hutoza tofauti majira ya joto na majira ya baridi, na wengine hutoza kwa saa. Andika uniti za kila mwezi, kisha zipitishe kwenye viwango vya jirani pamoja na ada, marekebisho ya mafuta na kodi. Marekebisho ya mafuta ndiyo husahauliwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi huwa kwenye karatasi tofauti na viwango vyenyewe. Katika maeneo mengi hesabu hiyo haitakupa ruhusa ya kuhama shirika bila kuhama nyumba, ila itakufaa siku tume ya udhibiti itakapokaa kusikiliza maombi ya kupandisha bei.

Nimeacha muda wa maswali. Aliye na bili yake hapa, aanze kwa kututajia uniti za mwezi wake mzito kuliko yote.