Kurefusha Maisha na Wajibu wa Kuachia Nafasi

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na nyote mliofika jioni hii,

Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mwanahisabati wa Uingereza aliyefanya kazi katika bima ya maisha, alionyesha kwamba hatari ya kufa hupanda kwa mpangilio maalumu kadiri mtu mzima anavyosonga umri. Kwa makadirio ya leo, huongezeka maradufu takriban kila miaka minane. Ndiyo maana tiba ya saratani peke yake, hata ikifanikiwa kabisa, ingetupa miaka michache tu kabla moyo au ubongo haujashindwa, na ndiyo maana watafiti wameamua kuukabili uzee wenyewe. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko katika jeni moja ya mnyoo mdogo wa udongoni yalimwezesha kuishi zaidi ya maradufu. Kwa binadamu safari bado ni ndefu: hakuna mwenye umri uliothibitishwa aliyempita Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122.

Je, miaka hiyo ikipatikana, tuitamani? Mwanafalsafa Bernard Williams alijibu mwaka 1973 kwamba uhai usio na mwisho ungechosha, akimtolea mfano Elina Makropulos, mhusika wa tamthilia ya Karel Čapek, ambaye alipofikisha umri wa miaka 342 alikuwa ameishiwa na kila hamu. Naiheshimu hoja hiyo, lakini naona inamhusu mtu anayeishi kwa ajili ya nafsi yake tu. Bibi anayemfundisha mjukuu kusuka ukili hachoshwi na wingi wa mikeka aliyokwisha kuisuka. Kinachomchosha ni magoti yanayouma akikaa chini, na macho yasiyoliona tena tundu la sindano. Mwondolee mateso hayo, naye ataomba miaka mingine kwa moyo wote. Mimi siwezi kumwambia kwamba anakosea.

Hoja inayonikosesha usingizi ni ya mwanafalsafa mwingine, Hans Jonas, aliyeunganisha kufa na kuzaliwa: dunia ambayo wazee hawaondoki itawapokea watoto wachache, na itapoteza macho mapya ya wanaoiona kwa mara ya kwanza. Fikirini kijana wa Kilimanjaro anayesubiri kihamba, yaani shamba la ukoo, ambacho vizazi vimekigawa mpaka kimebaki migomba na mibuni michache. Babu yake akifika miaka 150 akiwa na nguvu zake, na baba yake 125, kijana huyo atajenga wapi, na ataoa lini?

Hata hivyo, sikubali kwamba dawa ya tatizo hilo ni kifo. Uhai na nafasi ni vitu viwili, na mtu anaweza kuachia kimoja akabaki na kingine. Mwalimu Nyerere aliachia urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi. Kutokuwa Ikulu hakukumfanya mtu wa bure.

Kwa hiyo nadai kwamba kila hatua ya maabara iende pamoja na mjadala wa ukomo wa uongozi, umri wa kustaafu, na hasa mirathi, ambayo sheria zetu nyingi zinaifungua baada ya mazishi. Wachaga walikwisha kuwa na utaratibu mwingine: baba alimkatia kijana wake sehemu ya kihamba alipokuwa anaoa, yeye mwenyewe akiwa bado hai na analima.