Kundi la Nne Lisidharauliwe: Mhadhara kwa Wanaojiandaa Kuwa Walimu wa Udereva Uingereza

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkapitia hapa kabla ya kwenda kulala. Wengi mnajua nitaanzia wapi, na nitaanzia hapohapo, kwa sababu bado napokea simu ileile kutoka kwa watu mbalimbali: mtu amefanya mtihani wa nadharia wa walimu wa udereva, amepata alama nyingi, na ameambiwa hakufaulu.

Maswali ni 100, muda ni dakika 90, na alama ya kufaulu ni 85. Hilo kila mtu analikariri. Linalosahauliwa ni kwamba maswali hayo yamegawanywa katika makundi manne, kila kundi maswali 25, na mtahiniwa hana budi kupata angalau 20 katika kila kundi. Ziada ya kundi moja haizibi pengo la jingine.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipata 88. Nilikuwa dereva wa teksi kwa miaka mingi, leseni yangu safi, na katika kundi la taratibu za barabarani nilipata 25 bila kukosa hata moja. Katika kundi la alama za barabarani, udhibiti wa gari na ufundi wake nilipata 24. Katika la sheria, ulemavu na mtihani wa mwanafunzi nikapata 21. Katika kundi la nne, la machapisho na mbinu za kufundishia, nilipata 18. Nilisimama nje na karatasi ya matokeo mkononi, nikijumlisha na kujumlisha tena, nikiamini kwamba pamefanyika kosa. Hapakuwa na kosa. Nilikuwa nimezisoma sura za alama za barabarani mara tatu, kwa kuwa zilinifurahisha, na sura za kufundisha nilizipitia mara moja tu ndani ya basi, nikijiambia kuwa anayejua kuendesha anajua pia kufundisha.

Najua kuna anayesema moyoni: «Mimi nimeendesha Mombasa, nimeendesha Dar es Salaam, sasa niko Birmingham mwaka wa kumi na tano, nani atanifundisha gari?» Hakuna anayetaka kukufundisha gari, ndugu yangu. Mtihani huu unachotaka kujua ni kama unaweza kukaa kiti cha abiria, ukamtazama mtu ambaye miguu yake bado haijui klachi iko wapi, ukatambua kinachomsumbua. Uzoefu wako wa miaka mingi unaweza hata kukuzuia, kwa sababu mambo unayoyafanya bila kufikiri ndiyo magumu zaidi kuyaeleza.

Chukueni mfano mmoja. Mwanafunzi amesimama kwenye makutano, anaondoka, gari linazima. Mwalimu anasema, «Umeachia klachi haraka.» Je, amefundisha? Ametaja kosa, basi. Kazi ya mwalimu ina hatua tatu: kulitambua kosa, kulichambua ili kupata chanzo chake, kisha kulirekebisha. Huenda binti huyo anaijua klachi vizuri kabisa, ila ameona kwenye kioo gari kubwa limemsogelea nyuma, akaingiwa na hofu, mguu ukaruka. Ukimrudisha kwenye uwanja mtupu akafanye mazoezi ya klachi, ataifanya vizuri, na kesho atazima tena palepale, kwa kuwa hukuigusa hofu yake. Anayeelewa mfano huu hahitaji kukariri majibu ya aina hii ya maswali; atalijua lililo sahihi hata likija kwa maneno ambayo hajawahi kuyaona.

Hapa niseme jambo linalotuhusu sisi kwa namna ya pekee. Wengi wetu tulifundishwa udereva na kaka au mjomba aliyekuwa akifoka, nasi tulimheshimu, tukanyamaza. Akiuliza, «Umeelewa?» tulijibu, «Ndiyo,» kwa sababu kumjibu mkubwa «hapana» ilikuwa utovu wa adabu. Mwanafunzi wako naye, awe mtoto wa Leicester au mama aliyewasili kutoka Goma, atakujibu «ndiyo» hivyohivyo. Kwa hiyo usiulize kama ameelewa. Muulize, «Ukifika kwenye ule mzunguko utatazama wapi kwanza, na kwa nini?» Jibu lake litakuonyesha alichokielewa. Nimewaona watu wazuri wakikosa maswali ya kundi hili kwa sababu walichagua jibu la mwalimu mkali, wakidhani ndilo jibu la mwalimu makini.

Wako pia wanaoniambia kwamba tatizo ni Kiingereza. Sitalipuuza, kwa kuwa tangu Aprili 2014 sauti za lugha za kigeni na wakalimani viliondolewa katika mitihani ya udereva. Lakini dawa yake ni kuelewa jambo kwanza kwa Kiswahili, kulieleza kwa sauti, kisha kulieleza tena kwa Kiingereza. Umbali wa kusimama ni mfano mzuri. Kwa maili 30 kwa saa, kitabu cha Highway Code, yaani kitabu rasmi cha kanuni za barabarani, kinatoa mita 23: mita 9 za kufikiri na 14 za breki. Kwa maili 60 ni mita 73: 18 za kufikiri na 55 za breki. Mwendo umeongezeka mara 2, umbali wa kufikiri mara 2, lakini wa breki karibu mara 4. Ukiuelewa uhusiano huo, hata lugha ikikutatiza namba hazitakupotea. Na toleo mtakalosoma liwe jipya: kitabu kilichochapwa kabla ya mabadiliko ya Januari 2022 hakina ngazi ya watumiaji wa barabara, yaani utaratibu kwamba anayeweza kuwadhuru wengine zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuwalinda, wala mpangilio mpya wa haki ya mtembea kwa miguu anayesubiri kuvuka kwenye makutano.

Muda umenitupa mkono, na sehemu ya pili ya mtihani huu, ya kutambua hatari, ambapo unatazama video na kubonyeza mara unapoona hatari inaanza kujitokeza, nitaigusa tu. Video ni 14, hatari ni 15, alama ya juu ni 75. Mwanafunzi wa kawaida anafaulu kwa 44. Ninyi mnatakiwa 57, na siku hiyohiyo mfaulu sehemu zote mbili. Msibonyeze ovyo, maana programu ikigundua hilo, video hiyo inapewa sifuri. Baada ya kufaulu mnakuwa na miaka 2 ya kumaliza mitihani miwili inayofuata, wa kuendesha na wa kufundisha, na kila mmoja unaruhusiwa kuujaribu mara tatu tu. Hayo tutayazungumza siku nyingine.

Jumamosi ijayo kila mmoja aje na matokeo ya majaribio matatu ya mazoezi, alama zikiwa zimeandikwa kundi kwa kundi. Jumla msiniletee. Tutaanza na karatasi ambayo kundi lake la nne liko chini ya 20.