Kufunga koki kwenye sufuria ya kupikia bia

Ndugu zangu, karibuni. Nianze na uzito. Lita 25 za maji ya kimea, yaani bia kabla haijachachushwa, zina zaidi ya kilo 25, bila kuhesabu sufuria yenyewe. Anayezinyanyua zikiwa zimetoka motoni ili azimimine kwenye chombo kingine, mguu ukiteleza kidogo tu, ameungua tumbo na mapaja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka koki chini ya sufuria. Habari ya kazi kuwa nyepesi inakuja baadaye.

Sasa, wengi wanaojaribu kazi hii bila kuchomelea hukwama pale pale: wanatoboa haraka, wanafunga, inavuja, wanakimbilia spana. Wanakaza, inazidi kuvuja. Naomba mlishike hili kabla hatujagusa drili: kinachozuia maji ni oringi, ile pete laini ya mpira, na nguvu ya mkono haiwezi kuisaidia oringi iliyokaa kwenye tundu baya. Ukitoboa vizuri, nusu ya kazi nyingine inajifanya yenyewe.

Tuanze na mahali pa kutoboa. Chini kabisa ya sufuria ukuta unajikunja kukutana na kitako. Hapo usitoboe, kwa sababu washa, kile kisahani chenye tundu kati kinachokaa chini ya nati, haitapata pa kulala. Panda hadi ukuta unyooke, kisha acha nafasi ya kutosha nati na washa zikae zote juu ya mkunjo. Mtaniuliza, basi si bia itabaki chini? Itabaki. Kwenye sufuria yenye kipenyo cha sentimita 40, kila sentimita moja ya kimo ni kama lita 1.25. Mdomo wa koki ukiwa sentimita 4 kutoka chini, unaacha takriban lita 5. Dawa yake ni kijibomba kilichopinda, kinachofungwa kwa ndani na kushuka karibu na kitako. Kitaendelea kuvuta hata maji yakishuka chini ya koki, mradi mpira wa kutolea uko chini zaidi na kiungo hakiingizi hewa. Hewa ikipenya tu, mvuto unakatika.

Angalieni pia koki inavyokaa na moto. Koki isikae juu ya ulimi wa moto unaopanda pembeni mwa sufuria. Silikoni na tepu nyeupe ya mafundi bomba vinahimili joto la maji yanayochemka bila shida yoyote, ila havikutengenezwa kulambwa na moto wenyewe.

Vifaa ni vichache: koki ya nusu inchi yenye gololi ndani, nipo yake (kijibomba kifupi chenye thredi kinachopita kwenye tundu), nati, washa pana na oringi ya silikoni. Mpira mweusi wa kawaida usiukubali kama hujui umetengenezwa kwa kazi ya chakula na joto. Kwa chuma, chagueni kisichoshika kutu mkiweza. Shaba nyeupe au ya njano ya mabomba mara nyingi huwa na madini ya risasi kidogo, ambayo ni sumu, na maji ya kimea yana uchachu.

Hapa kuna mtego unaosumbua hata mafundi. Thredi, yaani meno ya kuzungushia, za nusu inchi za Marekani na zile za Uingereza zote zina meno 14 kwa inchi. Kwa hiyo nipo ya huku itaingia kwenye koki ya kule, itazunguka mizunguko kadhaa, na utadhani zimekubaliana. Hazijakubaliana: pembe ya jino ni digrii 60 upande mmoja na 55 upande wa pili, na za Marekani zimechongoka kuelekea mbele. Zitavuja, na tepu haitaziponya. Nunueni vyote vya aina moja.

Tuje kwenye kutoboa, na hapa nitakaa kidogo. Chuma kisichoshika kutu kina tabia ya kukomaa kinaposuguliwa bila kukatwa. Biti ikizunguka kasi bila kula, inapasha joto, na pale ilipogusa panakuwa pagumu kuliko palivyokuwa. Kwa hiyo: mwendo wa polepole, mkandamizo wa uhakika, mafuta ya kukatia muda wote. Piga alama kwa ponchi, huku ndani umeegemeza kipande cha mbao ili ukuta usibonyee. Toboa kitundu kidogo cha kuongozea, kisha ingiza biti ya ngazi, ile inayopanua tundu hatua kwa hatua. Tazama vinyweleo vya chuma vinavyotoka: vikija virefu na vimejikunja, unakata. Ikianza kutoka vumbi na biti inapiga kelele, acha, ongeza mafuta, punguza mwendo, kandamiza zaidi. Sufuria ya alumini haina ukaidi huu. Inakatika upesi, na hatari yake ni kupitiliza ngazi moja bila kujua.

Ukubwa wa tundu? Nipo ya nusu inchi ina kipenyo cha karibu milimita 21, na tundu la milimita 22 huipitisha bila kulazimisha. Pima nipo yako mwenyewe kabla, kwa sababu tundu likizidi halirudi. Kisha piga tupa kingo ndani na nje mpaka kidole kikipita hakikwaruzwi. Usione uvivu hapa. Kijino kimoja kilichobaki kinaikata oringi taratibu, na mvujo utauona baada ya mapishi kadhaa, wakati umeshasahau kuwa uliwahi kutoboa. Osha sufuria vizuri pia, maana unga wa chuma wa biti ukibaki unaota kutu.

Kufunga: mimi naiweka oringi upande wa ndani, kati ya ukuta na washa, ili maji ya kimea yasiingie kwenye mwanya wa tundu na kuganda humo. Iwe imebana ukuta na kuigusa nipo pia, la sivyo maji yatapita kwenye thredi. Kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana. Oringi ikianza kuchungulia nje ya washa, umezidisha; legeza. Sufuria yenye kipenyo kidogo ina ukuta uliopinda zaidi, kwa hiyo oringi nene inasaidia zaidi kuliko kukaza.

Jaza maji baridi, futa pakavu, subiri. Halafu chemsha, kwa sababu chuma hutanuka, na kiungo kilichonyamaza kikiwa baridi kinaweza kutoa tone kikiwa moto.

Mwisho, usafi. Ndani ya koki, nyuma ya gololi, kuna uwazi unaoshika maji ya kimea hata koki ikiwa imefungwa. Katikati ya kuchemsha, fungua kidogo utoe kikombe kimoja ili maji ya moto yapite humo, na ukirudishe sufuriani. Nunua koki ya vipande vitatu inayofunguka kwa boliti, uifungue kila baada ya mapishi machache, uisugue, na uihifadhi gololi ikiwa imefunguliwa nusu ili pakauke. Sasa leteni maswali, na aliyekuja na sufuria yake ailete hapa mbele tupime pamoja.