Mbege Haipikwi kwa Ndizi Peke Yake

UPENDO: Karibuni tena, wasikilizaji. Tupo Moshi, mvua imekatika na leo mlima umefunguka wote. Kaka Anaeli, habari za Marangu?

ANAELI: Njema, dada. Nimeshuka na swali. Bioanuwai niliisoma shuleni, nikaijibu kwenye mtihani, ikaishia hapo. Nikilisikia neno hilo naona tembo na magari ya watalii.

UPENDO: Wengi tuko hivyo. Hebu niambie, mbege, ile pombe yetu ya Wachaga, inapikwa na nini?

ANAELI: Ndizi zilizoiva, ulezi, na msesewa.

UPENDO: Msesewa ni nini, kwa wasioujua?

ANAELI: Ni mti. Gome lake ndilo linaloipa mbege ule uchungu.

UPENDO: Sasa hesabu. Mgomba, ulezi, msesewa, na ile hamira ya asili inayochachusha, ambayo hata kwa macho huioni. Viumbe wanne kwenye kata moja ya mbege.

ANAELI: Na kata yenyewe ni kibuyu! Watano.

UPENDO: Basi hiyo ndiyo bioanuwai. Wingi wa viumbe na tofauti zao. Mkataba wa kimataifa uliosainiwa Rio de Janeiro mwaka 1992 unaitazama kwa ngazi tatu: tofauti ndani ya aina moja, tofauti kati ya aina na aina, na tofauti za mazingira wanamoishi. Ya kwanza ndiyo tunayoisahau. Mshare wa mtori, kisukari, ndizi ng'ombe: yote ni migomba, lakini haifanani hata kwa ugonjwa.

ANAELI: Hapo umenigusa. Baba mdogo aling'oa karibu migomba yote ya bibi, akaacha aina moja tu iliyokuwa na bei sokoni. Mnyauko ukaingia. Majani yanakuwa njano, yananing'inia, ukikata shina ndani limekuwa kahawia. Haikupona hata mmoja.

UPENDO: Pole sana. Na ule ukungu, yaani kuvu unaoleta mnyauko, hukaa ardhini miaka mingi, ukipanda tena aina ileile unaukuta unakusubiri. Ireland yaliwapata makubwa zaidi. Maskini walitegemea viazi, tena karibu vyote vya aina moja. Ugonjwa ulipoingia mwaka 1845, njaa ikaua watu wapatao milioni moja. Serikali ya Uingereza iliyowatawala nayo ina lawama, lakini shamba lilikuwa halina kinga.

ANAELI: Milioni moja, kwa viazi!

UPENDO: Bibi yako hakwenda chuo, lakini alijua. Kihamba, shamba letu la nyumbani, kina mringaringa juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji, ng'ombe zizini anatoa mbolea. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

ANAELI: Na ndege? Maana sisi tuliwafukuza kwa manati.

UPENDO: Watafiti walijaribu hapahapa Kilimanjaro, wakazuia ndege na popo wasiifikie mibuni. Kahawa iliyoshika matunda ikapungua kwa kama asilimia 9, kwani wadudu walibaki bila wa kuwala. Nyuki nao walipofika kwenye maua, tunda likawa zito zaidi.

ANAELI: Kumbe tulikuwa tunawapiga vibarua wetu wenyewe.

UPENDO: Na bado hatujui vyote tulivyonavyo. Mkukusu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote ya asili iliyopimwa Afrika, ulikuwa umesimama kwenye korongo la mlima huu. Habari zake zilichapishwa mwaka 2016 tu! Ndiyo maana roho inaniuma nikisikia msumeno kihambani.

ANAELI: Dada, kwa shangazi pale Marangu bado kuna migomba ya bibi, ile mirefu ambayo sokoni hawaitaki. Sijui hata jina lake.

UPENDO: Muulize akiwa bado yupo. Jina, na inapikwaje.

ANAELI: Jumamosi napanda. Nitamwomba na machipukizi mawili, nikayapande kwa baba mdogo, pale penye mahindi.