Nakala Milioni Moja ni Fedha Ngapi?

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja.

Nianze na nambari ambazo kila mpenzi wa gemu amewahi kuzisikia. Minecraft imeuza nakala zaidi ya milioni 300. Grand Theft Auto V (GTA V) imepita milioni 200. Wii Sports iliishia karibu milioni 83. Tetris ya Game Boy, ile mashine ndogo ya mkononi, milioni 35. Zikipangwa hivyo unaona ngazi, na unadhani aliye juu ndiye aliyevuna zaidi. Ngazi hiyo inadanganya, kwa sababu neno "nakala" linabeba maana tofauti katika kila mstari. Mtu anayetaka kutengeneza gemu auze, au anayetaka tu kuielewa biashara hii, lazima ajue nambari inahesabu nini.

Tuchukue Wii Sports. Kampuni ya Nintendo ilipoleta mashine yake ya gemu, Wii, mwishoni mwa 2006, karibu kote nje ya Japani mchezo huu ulikuwa tayari ndani ya boksi. Aliyenunua mashine aliupata, autake asiutake. Tetris nayo, iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, ilipata nguvu kubwa mwaka 1989 ilipofungashwa pamoja na Game Boy. Nakala hizo ni za kweli na watu walizicheza mno. Lakini wengi hawakutoa fedha kaunta kwa ajili ya mchezo peke yake, kwa hiyo huwezi kuchukua milioni 83 ukazidisha kwa bei ya dukani. Mchezo ulikuwa kishawishi cha kuuza mashine, na faida yake inasomeka kwenye mauzo ya mashine.

Kwetu kuna kinyume chake. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, diski moja ya gemu ya mpira wa miguu huchezwa na vijana mamia, kila mmoja akilipia mechi yake. Mwenye kibanda anapata riziki, vijana wanapata burudani, na kampuni inaandika nakala moja. Kwa hiyo mtu akikwambia Afrika Mashariki hainunui gemu, mwulize amehesabu diski au amehesabu wachezaji.

Kosa la pili ni kuchanganya nakala zilizopelekwa madukani na zile zilizofika mikononi mwa wanunuzi. Zamani za katriji, vile visanduku vya plastiki vyenye chipu ya mchezo, kosa hili liliua kampuni. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa E.T., ulioandikwa kwa wiki 5 na ushee ili uwahi Krismasi. Zilitengenezwa katriji kama milioni 4, zikauzwa kama milioni 1.5. Maduka yalirudisha zilizobaki, maana ndivyo mikataba ilivyoruhusu, na Septemba 1983 shehena ya Atari ikafukiwa kwenye jaa la Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 jaa lilichimbwa, zikatolewa katriji kama 1,300, za E.T. na za michezo mingine. Jambo la kuangalia hapo ni gharama: kila katriji ina chipu, plastiki, kisanduku na usafiri, na zote hulipiwa kabla mteja wa kwanza hajaingia dukani.

Mtandao umeondoa gharama hiyo, ila umeleta namna nyingine ya marejesho. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na oda za mapema milioni 8. Kwenye kompyuta zenye nguvu ilichezeka. Kwenye PlayStation 4 na Xbox One, mashine za mwaka 2013, picha zilikwama na mchezo ulizima wenyewe, na watathmini walikuwa wamepewa toleo la kompyuta tu, kwa hiyo wanunuzi hawakuonywa. Wiki moja baadaye Sony iliuondoa kwenye duka lake, ukarudi Juni 2021. Watengenezaji wake, CD Projekt ya Poland, walipotangaza nakala milioni 13 kufikia tarehe 20 Desemba, walisema wamekwisha kuondoa zilizorudishwa. Hiyo ndiyo nambari safi, na ni kampuni chache zinazoitoa hivyo.

Neno la tatu la kuchunga ni "wachezaji". Palworld, iliyotoka Januari 2024, ilitangaza ndani ya mwezi mmoja nakala milioni 15 kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na wachezaji milioni 10 kwenye Xbox. Ukijumlisha unapata milioni 25. Lakini kwenye Xbox mchezo ule ulikuwa ndani ya Game Pass, ambako mtu hulipia kifurushi cha mwezi na kufungua mamia ya michezo. Milioni 15 walinunua. Wale milioni 10 wengi wao walifungua tu, na malipo yake hutegemea mkataba wa studio na Microsoft.

Sasa tufuate fedha yenyewe. Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo wengi hupotea.

Chukua gemu ya kompyuta ya bei ya dola 15. Mnunuzi yuko nchi ya Ulaya yenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na kodi hiyo imo ndani ya bei. Gawanya 15 kwa 1.2, unabaki na 12.50. Duka la Steam linachukua asilimia 30, yaani 3.75. Imebaki 8.75. Kama una mchapishaji aliyekupa mtaji na kukutangazia, naye ana fungu lake. Tuseme asilimia 40, yaani 3.50. Mkononi mwako inafika 5.25. Ni asilimia 35 tu ya bei ambayo mnunuzi aliiona, na mara nyingi hata hiyo hupewi mpaka mchapishaji arudishe kwanza mtaji wake wote.

Sasa weka punguzo la asilimia 60. Bei ni 6. Toa kodi: 5. Toa ya duka: 3.50. Toa ya mchapishaji: 2.10.

Tuseme studio ina watu 4 wanaofanya kazi miezi 24, kila mmoja akilipwa dola 1,500 kwa mwezi. Gharama ni dola 144,000. Kwa 5.25 kila nakala, unahitaji kuuza kama 27,400 ili urudishe tu ulichotoa. Kwa 2.10 unahitaji kama 68,600. Studio mbili zinaweza kutangaza nakala 50,000 siku moja, moja ikawa inafungua shampeni na nyingine inafunga ofisi. Kilichozitenganisha ni bei ambayo nakala zile ziliuzwa.

Fungu la duka nalo halilingani kila mahali. Tangu Oktoba 2018 Steam hushusha asilimia 30 hadi 25 kwa mapato yanayozidi dola milioni 10, na hadi 20 yakizidi milioni 50. Yaani mkubwa anakatwa kidogo, mdogo anakatwa kikamilifu, na kwa maoni yangu huo ni mpangilio usio wa haki. Kampuni ya Epic ilifungua duka lake Desemba 2018 kwa asilimia 12, lakini fungu dogo la duka lenye wanunuzi wachache halimsaidii mtengenezaji sana. Kwenye simu, Apple na Google wana kiwango cha asilimia 15 kwa mapato yasiyofika dola milioni 1 kwa mwaka. Na ukijenga mchezo kwa Unreal Engine, programu ya Epic ya kutengenezea gemu, unadaiwa asilimia 5 ya mapato yanayozidi dola milioni 1 za kwanza.

Ukishaielewa hesabu hiyo, utaelewa kwa nini Minecraft ni tukio la pekee. Markus Persson wa Sweden alianza kuuza mwaka 2009 mchezo ambao haujakamilika, kwa yuro 9.95, kwenye tovuti yake mwenyewe. Hakukuwa na duka la kati wala mchapishaji. Ulipofika hatua ya beta, yaani ya majaribio, Desemba 2010, bei ikapanda hadi 14.95. Ulipokamilika Novemba 2011, ikawa 19.95. Biashara nyingi za gemu huanza juu na kushuka. Hii ilianza chini na kupanda, na kila aliyewahi aliona amepata bei nzuri, akawaambia wenzake. Nakala milioni moja zilifika Januari 2011, kabla mchezo haujatangazwa kuwa tayari. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5. Toleo la kompyuta la Minecraft halijawahi kuuzwa Steam hadi leo.

GTA V inafundisha jambo jingine. Ilitoka Septemba 2013 na kuingiza dola bilioni 1 ndani ya siku 3. Kisha ikatoka upya kwa mashine za kizazi kilichofuata mwaka 2014, kwa kompyuta mwaka 2015, na kwa mashine mpya zaidi mwaka 2022. Wako watu walioinunua mara tatu, na wamehesabiwa mara tatu. Upande wa pili, GTA Online, sehemu yake ya kucheza mtandaoni, huuza kadi za fedha za ndani ya mchezo, na kila kadi huleta mapato bila kuongeza nakala hata moja. Hapo nambari ya nakala inaficha fedha badala ya kuzikuza.

Na wale wanaouza polepole? The Witcher 3 iliuza milioni 4 katika wiki 2 za mwanzo, Mei 2015. Miaka 8 baadaye CD Projekt ikatangaza milioni 50. Punguzo baada ya punguzo, mfululizo wa televisheni, toleo lililoboreshwa, kila kimoja kilileta wimbi lake. Stardew Valley, kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, aliyeifanya zaidi ya miaka 4 kabla ya kuitoa Februari 2016, ilikuwa imefika milioni 41 mwishoni mwa 2024. Bei yake ya kompyuta ni dola 14.99 tangu siku ya kwanza, na masasisho yote makubwa yametolewa bure. Kila sasisho huwarudisha wachezaji wa zamani, nao huwavuta wapya. Naiheshimu sana njia hii, ingawa si kila studio ina akiba ya kuisubiri.

Kwa aliye na gemu yake tayari na anataka kuiweka Steam, mpangilio ni huu. Unalipa dola 100 kwa kila mchezo, na zinarudi mapato yako yakifika dola 1,000. Tangu kulipa hadi kutoa lazima zipite siku 30, na ukurasa wa "inakuja karibuni" ukae hadharani si chini ya wiki 2. Wiki 2 ni kiwango cha sheria, lakini kibiashara ni kujiua. Ukurasa ule ndio unaokusanya watu wanaobonyeza kitufe cha kuuweka mchezo kwenye orodha ya wanayotaka kununua. Siku unapoutoa, duka linawatumia wote barua pepe. Ukitoa punguzo la asilimia 20 au zaidi, linawatumia tena. Ukitoa la asilimia 15, hakuna barua, na hapo umeshusha bei bila kumfikia mtu. Kwa hiyo fungua ukurasa miezi mingi kabla, na uandae toleo la majaribio kwa tamasha la Steam liitwalo Next Fest, linalofanyika Februari, Juni na Oktoba. Mchezo mmoja huruhusiwa mara moja tu. Ukiingia na kitu kibovu, nafasi imekwenda.

Tathmini za wanunuzi 10 zinahitajika kabla alama ya jumla haijaonekana, na zile za waliopewa nakala bure kwa msimbo hazihesabiwi katika alama hiyo. Alama ikishuka chini ya asilimia 70 inaandikwa "mchanganyiko", kwa rangi nyingine, na macho ya mnunuzi yanapita. Kumbuka pia mnunuzi ana haki ya kurejeshewa fedha ndani ya siku 14 ikiwa hajacheza saa 2. Mchezo unaoficha uzuri wake hadi saa ya tatu una tatizo la kibiashara, si la sanaa tu.

Bei unaipanga kwa kila sarafu. Steam haina shilingi ya Kenya wala ya Tanzania. Mnunuzi wetu huonyeshwa dola, mara nyingi bei ileile anayoiona mtu wa Chicago. Hilo ni juu ya duka, na huwezi kulirekebisha peke yako.

Lipo moja linalowahusu watengenezaji wa hapa moja kwa moja. Marekani hukata kodi ya zuio ya asilimia 30 kwa mapato ya nakala zilizouzwa Marekani, isipokuwa nchi yako iwe na mkataba wa kodi nayo. Afrika Kusini inao. Kenya na Tanzania hazina. Nakala ya dola 15 iliyouzwa Marekani inabaki 10.50 baada ya fungu la duka, kisha zinakatwa 3.15, na unapokea 7.35. Makato haya hayagusi nakala zilizouzwa Ujerumani au Brazili. Kwa hiyo ukijaza bajeti, gawa makadirio yako kwa nchi kabla ya kuandika mapato, na kumbuka mauzo ya Januari hulipwa mwisho wa Februari, tena yakiwa yamefika dola 100.

Karibuni kwa maswali.