Biashara Asubuhi, Jioni Mahesabu

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kike wa sekondari na wazazi wao, Chake Chake, Pemba)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Walimu wangu, wazee wangu, na nyinyi wanangu mliojibana huko nyuma: sogeeni, hapa mbele hakuna mtihani.

Nimeombwa nizungumze juu ya wasichana na kazi za biashara. Kabla ya kuanza nimepita kwenye viti nikiwauliza mnataka kuwa nani. Daktari. Mwalimu. Nesi. Daktari tena. Mmoja rubani, na wenzake wakamcheka, mkome. Wa biashara sikumpata. Lakini nilipouliza nani kati yenu anauza kitu, mikono ilisita, kisha ikainuka: ubuyu, visheti, achari ya embe, hina na piko wakati wa harusi, madera yanayopigwa picha yakawekwa kwenye simu usiku. Na wapo ambao hawakuinua mkono kwa sababu mwalimu mkuu amekaa pale.

Basi biashara mnaifanya, ila hamuihesabu kuwa kazi. Kazi kwenu, na kwetu wazee pia, ni ile yenye barua ya ajira, tena ya serikali. Biashara ni ya kusubiria ajira itoke au posa ije. Mchepuo wa biashara nao tumeugeuza jaa la skuli: akianguka sayansi, atupwe huko. Yaani mtoto kashindwa hesabu, dawa yake akasome utunzaji wa hesabu!

Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Wasichana wetu asubuhi wapo. Jioni daftari analo mwengine.

Nimchukue binti wa ubuyu, nisimtaje. Namuuliza, faida unapata? "Naipata, bibi." Kiasi gani? Kimya. Tukakaa tukaandika. Ubuyu shilingi 6,000, rangi na iliki 1,000, mifuko na mkaa 2,000. Jumla 9,000, na mauzo 15,000. Akafurahi, faida 6,000. Nikamuuliza, na sukari? "Sukari ya mama." Sukari ya 3,000 imetoka kabatini kwa mama yake. Basi nusu ya faida yake ni sukari ya mama, na bado hatujaulipa mkono wake uliokoroga sufuria. Mtoto huyu ana akili nzuri tu. Hakuna aliyemkalisha na kalamu.

Sasa karafuu, maana hapa hapana nyumba isiyozijua. Nyinyi mmelelewa kwenye majamvi. Mnajua karafuu iliyokauka sawasawa kwa kuivunja kidoleni, mnaijua mpeta, ile isiyokauka vizuri, mnajua makonyo, vile vijiti vya vichala, hayachanganywi. Mzigo unafika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, unapimwa, unapangwa daraja, analipwa mwenye shamba, na kwa wengi wetu hadithi inaishia hapo. Kumbe ndipo inapoanza. Yupo anayeandika mkataba na mnunuzi wa nje. Yupo anayekata bima ya mzigo, anayefuatilia meli, anayeangalia dola imepanda au imeshuka, anayekagua vitabu mwisho wa mwaka. Hapo Wawi makonyo yanatolewa mafuta. Mafuta hayo yana gharama zake na soko lake, na lazima mtu akae ayapigie hesabu. Anayeijua karafuu kwa vidole akisomea kazi hizi, huyo msomi aliyeiona kwenye picha tu atamfukuzia wapi?

Mwani ni funzo chungu zaidi. Kilimo chake cha kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na tangu hapo wakulima wake wengi ni wanawake. Kamba wao, vigingi wao, mgongo unaouma ni wao, bei kataja mnunuzi. Maji yalipozidi joto, ule mwani wa bei nzuri, kotonii, ukawa unakufa, ukabaki spinosamu wa bei ya chini. Wanawake wa Kidoti na wengine wakaanza kuusaga na kutengeneza sabuni. Kwenye sabuni bei anaitaja mwenye sabuni. Mjue tofauti hiyo.

Wazee wangu, najua khofu zenu: safari, mahoteli, maneno ya watu. Sizidharau, na nyengine zina haki. Ila asinitajie mtu dini. Bibi Khadija, radhi za Allah zimshukie, mtaji ulikuwa wake, na aliyechagua nani apeleke mali Sham ni yeye. Yeye alikaa Makka. Mtumishi wake Maysara akarudi kumpa habari za safari. Na hapa kwetu Bibi Salme, binti wa Sultan Said, alijifundisha kuandika kwa siri, enzi ambazo mtoto wa kike alifunzwa kusoma tu. Mwaka 1859, ana umri wa miaka 15 hivi, akawa karani wa kundi la kaka yake Barghash, lililotaka kumpindua Sultan Majid. Njama ile ilishindwa, na siwashauri kupindua mtu! Ila walimtaka kwa sababu alijua kalamu.

Njia ipo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wanafundisha biashara pale Chwaka, Unguja, na anayetaka uhasibu kamili kuna mitihani ya bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA. Ni migumu, sikufichieni.

Linalonikera ni hili: kaka anafunguliwa duka, dada anakaa dukani. Anauza tangu alasiri mpaka isha, kisha kaka anakuja kufunga hesabu. Baba mwenye duka aliyemo humu, leo usiku mpe binti yako daftari la mwezi uliopita, na la madeni pia, akusomee, akwambie kipi kinatoka na kipi kimelala rafuni. Kama ataona jina la ami yake kwenye madeni, mwache aone.

Maswali sasa. La kwanza nalitaka kwa mwanafunzi, wazee mtasubiri. Wewe rubani, simama.